Upana wa Katikati

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kidole ulichokigonga kwa nyundo kimepona. Sisi hatujambo. Mama anasema mapaa ya watu yamekuweka huko vya kutosha, uje uone na la kwako linavyovuja. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, lakini ubishi haujapungua.

Habari kubwa ni ya hesabu. Tumeanza intigresheni, yaani kutafuta eneo lililo chini ya mstari kwenye grafu. Wiki ya kwanza niliumwa, na niliporudi wenzangu walikuwa wanaongeza vipeo na kugawanya, mimi nimeachwa kwenye mataa. Nikaona haya kuuliza. Likaja jaribio la maswali kumi. La kwanza lilikuwa 2x + 3, kutoka sifuri hadi nne. Nikalichora, nikacheka peke yangu: ilikuwa ile mbao yako, nyembamba huku, pana kule. Nikafanya kama ulivyokuwa ukitafuta eneo lake, mimi nikikushikia futi. Upana wa katikati saba, mara urefu nne, ishirini na nane. Yote kumi yalikuwa ya mistari iliyonyooka, yote nikapata.

Mwalimu wetu, tunayemwita Bi Rula, akaniita ofisini kuuliza hatua za kazi ziko wapi, au shingo yangu ilirefuka kwa jirani. Nikaapa sikuibia. Akanipa mstari mwingine, nikapatia. Kisha akanipa x², uliopinda, sifuri hadi nne vilevile. Nikasema kumi na sita. Kumbe ni ishirini na moja na theluthi. Akasema njia yangu ni ya kweli kwa mstari ulionyooka, ila penye mpindo inaumbuka. Nirudie jaribio Ijumaa. Nikishindwa, nashushwa kundi la chini.

Nimejifunza kila siku mpaka wino wa kalamu umekwisha. Jana nililirudia jaribio.

Baba, kuna jambo linanichoma. Bi Rula aliniuliza nani alinifundisha. Walimu wengine walikuwa wametega masikio, nami nikajibu nimeona kitabuni. Niliona aibu kusema ni fundi wa mapaa. Nisamehe.

Kwa hiyo jana kila mstari ulionyooka niliufanya kwa njia mbili, ya darasani na yako. Chini ya karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: njia ya pili nimefundishwa na baba yangu, fundi wa mapaa. Majibu bado, lakini nikirudishwa tena ofisini nitalisema hilo kwa mdomo.

Mama anakusalimu, na kibogoyo wako pia.

Ni mimi binti yako,
mshika futi wako.