Kivuli Upande wa Kushoto

Jumatatu, 6 Mei

Chai bila maziwa tena. Joto la Lodwar limeingia ofisini kabla yangu. Picha za kupamba ukumbi zimefika na kuzichambua ni kazi yangu. Ngamia, ngamia, machweo, ngamia. Ya flamingo imetiwa rangi mpaka ndege wanafanana na peremende. Nimeitupa.

Wekesa naye ametuma yake kutoka Kakuma. Mdogo wangu, mwalimu, mbishi. Mto Tarach ukiwa mkavu, Ijumaa jioni, muda mfupi kabla maji hayajashuka. Alisimama katikati ya mchanga kwa sababu anga lilikuwa jeupe, bila dalili ya mvua. Kwetu Bungoma mto hujaa ukinyeshewa. Huku mvua hunyesha milimani, mbali, na maji hukukuta nguo zako kavu. Anasema alikuwa peke yake, akakimbilia ukingoni.

Nimemshukuru Mungu, kisha nimemkosoa. Picha imelalia kushoto. Anga tupu mno. Mbuzi wametupa mgongo.

Jumanne, 7 Mei

Nimeirudia. Mwanga mzuri, nakubali. Lakini hainipi raha. Mbuzi wote wamepanda ukingoni, wote wanatazama upande mmoja, mto unakotokea. Madumu yameachwa kando ya kisima cha mchangani. Kila kiumbe kimeshajua, isipokuwa mpiga picha.

Nimefunga kompyuta. Nywele zimenisimama, na joto lote hili.

Alhamisi, 9 Mei

Picha haikulalia kushoto kwa uzembe. Mkono wa Wekesa ulivutwa.

Jua lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo kivuli chake kiko mbele, kirefu, kwenye mchanga. Hicho nilikiona tangu mwanzo. Leo nimeikuza picha. Pembeni kushoto kuna kivuli cha pili. Chembamba, ila shingo ni nene kwa shanga. Mkono umenyooka na umekishika cha Wekesa kwenye kiwiko.

Nimeogopa. Nimetoka nje nikasimama juani, mimi ninayelilaani jua hili kila siku.

Ijumaa, 10 Mei

Mwenzangu wa ofisini ana ndugu Kakuma. Anasema kuna msichana anatafutwa, Nakiru. Alienda mtoni kuchota maji Ijumaa ile. Watu wamesema ametoroka na dereva wa lori, wanamcheka mama yake sokoni.

Nimempigia Wekesa. Kivuli hiki ni cha nani? Akajibu:

"Kata hapo kushoto, dada. Picha itatulia."

Nilimfundisha mwenyewe. Kitu kisicho na kazi pembeni, kata. Nimekata simu badala yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake imeishia ndani ya picha yake mwenyewe. Nina hasira.

Jumamosi, 11 Mei

Amepiga mwenyewe, analia. Msichana alishuka kutoka ukingoni kumwita. Wekesa hakusikia, alikuwa anatafuta mwanga. Msichana akaja akamvuta. Walikimbia pamoja. Wekesa alifika ukingoni, msichana hakufika.

Anasema aliogopa. Mgeni, mwanamume, nani angemwamini?

Nampenda na simtaki machoni. Yote mawili.

Nimeichapisha picha nzima. Ukumbi utapata ngamia.

Jumapili, 12 Mei

Kakuma. Sikuenda kanisani.

Mama yake Nakiru alinipa kigoda. Ejok, ejok, tukasalimiana. Nikamwekea picha magotini. Mbuzi hakuwaangalia, wala mwanga. Kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye kivuli cha kushoto, kikapita polepole shingoni, kwenye shanga.

Kisha kidole kikafuata mkono ulionyooka, mpaka mwisho.

"Na hii ingine ni nani?"

Nikamwambia ni ndugu yangu. Kwamba binti yake alimtoa mtoni. Kwamba Wekesa yuko nje, kando ya pikipiki, ameshindwa kuingia.

Alitazama mlango.

"Mwambie yeye aingie," akasema. "Jua ni kali."