Koti Juu ya Kipima Gesi

Scarborough, Toronto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usiniambie "nzuri tu" halafu nisikie kwa Dada Rehema kwamba unatembea kwa kushika ukuta. Sisi hapa wazima, ila baridi imetuanzia mapema. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia, na nikilia hutaelewa ninachosema. Rehema atakusomea.

Ni habari za Baraka. Najua umelitangazia kanisa zima kwamba kitinda mimba wako ni fundi wa mgodi kule Karaganda, Kazakistani. Hata mimi nilijivuna. Jirani yangu wa mlango wa pili, Bibi Lidia, alizaliwa mji huohuo, kwa hiyo Jumapili nilimpelekea maandazi ili nimsimulie.

Alifurahi, Mama! Akanieleza jinsi babu na bibi yake, Wajerumani, walivyopelekwa huko kwa nguvu na serikali ya enzi hizo, wakateremshwa kwenye treni katikati ya nyika na baridi. Walichimba mashimo ardhini wakalala humo. Wafungwa nao wakaletwa kuchimba makaa ya mawe, na kwa makaa hayo mji ukasimama: shule, ukumbi wa muziki, mitaa yenye miti. Theluji ilianguka nyeupe, akasema, ikifika mchana imeshakuwa nyeusi kwa moshi. Bado anaupenda.

Basi nikataka kumchekesha kwa vituko vya Baraka. Aliniambia kwenye simu: "Dada, kile kipima gesi kina kelele! Kikilia tu mashine zinazimika, zamu nzima tunakosa bonasi. Wenzangu wamenifundisha, tunakifunika koti kisiinuse gesi, tunapiga kazi."

Bibi Lidia hakucheka. Aliweka kikombe chini, akauliza, "Yuko chini sasa hivi?"

Nikasema sijui.

"Mume wangu naye alikuwa anakifunika," akasema.

Nilijua ni mjane. Sikujua kwamba mumewe alifia mgodini, gesi ilipolipuka.

Tangu siku hiyo naogopa, Mama. Simu ikilia nikiwa kazini, naacha kila kitu naikimbilia. Nimempigia Baraka nikamsihi, akanicheka: "Kanada imekufanya mwoga, Dada." Sasa hapokei simu zangu, ananitumia vikatuni tu.

Mimi hanisikii. Wewe hajawahi kukukatalia. Mpigie, umwambie arudi nyumbani. Usimtajie gesi, atakuletea maneno ya kitaalamu akushinde. Mwambie unamtaka, basi. Najua kanisani watauliza kulikoni, na utaona haya. Naomba uione hiyo haya kwa ajili yangu.

Nisalimie Mjomba Elia, mwambie dawa yake ya macho naitafuta. Shangazi mwenye duka naye msalimie, ila mambo haya ya Baraka asiyajue kwanza, hana kifua.

Mpigie leo hii unaposomewa barua, Mama, kabla hajaingia zamu. Akinuna, mwache anune. Aliye hai, hata akinuna, tutambembeleza.

Mwanao anayekupenda,
Neema