Roketi Iliyochangiwa Bugarama

Dar es Salaam,
Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri. Natumaini barua hii itakukuta goti limeacha kukusumbua, na Mama amemaliza palizi ya mpunga bila mgongo kumlalamikia. Kwa simu ningeweza kukueleza, ila huwa unakata kabla sijafika katikati, na haya nataka uyasikie yote.

Najua Shangazi Milembe amekwambia nilionekana Bugarama nikiombaomba kwa wachimbaji. Bugarama nilikuwapo. Kuombaomba, hapana, na naomba unisikilize mimi mwanao kwanza.

Nilishakusimulia habari za timu yetu ya roketi hapa chuoni. Tuko wanafunzi sita. Roketi yenyewe ina urefu wa kunifikia kidevuni, inapanda angani na kipimo cha joto na upepo, kisha inashuka kwa mwavuli. Nusu tulishaijenga. Nusu nyingine ilitaka pesa, na kila ofisi tuliyopeleka barua ilituambia tusubiri. Siku moja kikaoni nikasema, "Kwetu kuna watu wanatia mali yao yote kwenye shimo ambalo hawajui lina nini. Hao watatuelewa." Wenzangu walicheka, kisha wakatutuma mimi na Yusufu, kijana wa Kilwa.

Basi lilipita Tinde mchana, Baba. Niliona bati la nyumba yetu na sikushuka. Nisamehe. Nilijua ungeniuliza shida yangu, ningekwambia, na siku ya mnada yule dume wa ng'ombe angeondoka zizini. Ulishauza mmoja kwa ajili ya ada yangu. Inatosha.

Pale Bugarama tulisimamisha roketi yetu karibu na soko, watu wakajaa. Mzee mmoja mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, anaitwa Maganga, aliizunguka mara mbili.

"Bebe, wewe binti, hiki kidude kinaona dhahabu kutoka juu?"

Kabla sijafungua mdomo, Yusufu akasema, "Kinaweza kusaidia, mzee."

Mikono ikaanza kuingia mifukoni. Maganga akatamka mbele ya watu kwamba tukimpimia eneo lake, gharama yote ya roketi ni juu yake. Yote, Baba! Sikudanganyi, niliitafakari. Halafu nikaona jinsi wale wachimbaji walivyokuwa wakinitazama, nikasema, "Hapana, mzee. Hakioni dhahabu. Kinapima joto na upepo tu."

"Mmetoka Dar es Salaam kutuletea upepo?" akauliza Maganga. Watu wakaangua kicheko, wakatawanyika. Yusufu hakusema nami tena siku ile.

Kesho yake Maganga alitufuata mwenyewe tukinywa chai. Mashine ya kupuliza hewa shimoni kwake ilikuwa imegoma, fundi alikuwa safarini, na bila hewa hakuna mtu anayeshuka. "Nyie mnaosoma mitambo," akasema, "mnaweza kuitazama, au mnajua upepo wa juu peke yake?"

Mota ilikuwa inanguruma bila kuzunguka. Nikasukuma mapanga yake kwa kijiti, ikazunguka. Nikajua ni kapasita imekufa, kile kifaa cha kuisukuma mota ianze kuzunguka. Tukachomoa nyingine kwenye pampu mbovu ya maji, tukaifunga, na kabla ya adhuhuri hewa ilikuwa inashuka. Maganga aliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, akatabasamu mara ya kwanza tangu nimjue.

Habari zikaenea. Siku nne tulitengeneza pampu, jenereta na mashine za kusagia mawe, tukalipwa ujira wa fundi. Siku ya mwisho Maganga alisimama kwenye kikao cha wachimbaji, akasema, "Huyu binti angeweza kula pesa yangu kwa uongo. Alikataa. Mimi namchangia." Wengine wakafuata. Mama Neema, anayeponda mawe kwa nyundo jua kali, alitoa noti aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Nilitaka kumrudishia. Akanikaripia: "Unaona mimi si mtu wa kuchangia?" Nikapokea kwa mikono miwili.

Baba, jana Jumamosi tuliirusha. Mimi ndiye niliyebonyeza. Ilinguruma, ikapanda mpaka ikawa kama sindano, kisha ikatupotea kabisa. Yusufu alinishika mkono bila kujua. Halafu mwavuli mwekundu ukafunguka, nikakimbia kwenye majani nikilia kama mtoto, na kipimo nilikikuta kizima.

Nilimpigia Maganga nikiwa bado nahema. Hakuuliza imefika juu kiasi gani. Aliuliza, "Imerudi?"

"Imerudi, mzee. Nzima."

Akasema, "Basi. Hata sisi huku, mtu akishuka, tunauliza hilo tu."

Likizo ikifika nakuja nyumbani, na safari hii nitashuka Tinde. Mpe Mama shikamoo yangu, nimeshamnunulia dawa ya mgongo. Mdogo wangu Sayi aache kufungua redio yako mpaka nije tuifungue pamoja. Kaka Mabula, huko Mwadui kazini kwake, mwambie nimezipata buti alizonitumia na zinanitosha. Shangazi Milembe naye msalimie sana, bila ugomvi.

Nakuombea uzima, Baba.

Mwanao anayekupenda,
Kabula