Siku Tisa Nilizocheza Bila Kujua Nimefiwa

Mpendwa mshauri Bi Tabu, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, maana nimebakiwa na siku chache na nyumba nzima imenigeuka. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nakaa Nyahanga hapa Kahama, nafanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, na ni mchezaji wa netiboli, mlinzi wa mwisho, yule anayesimama chini ya goli na kunyoosha mikono mpaka mabega yanawaka moto, na kwa kazi hiyo nimeshavaa jezi ya taifa mara mbili na nimefika mpaka Lusaka.

Mume wangu Hatibu alikuwa dereva wa lori. Tarehe mbili Aprili lori lake lilipinduka kwenye matope upande wa Runzewe akafariki palepale, na waumini wa kule wakamzika siku ileile kwa kuwa hawakujua kwao ni wapi, na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, hivyo barua ya imamu wao, aliyekuja kupata anwani yetu kwenye karatasi za lori, ilitufikia tarehe kumi na moja. Sasa Bi Tabu, hapo katikati mimi sikujua kitu, nilikwenda kazini, nilikwenda mazoezini, na tarehe saba tulicheza na timu ya Shinyanga mjini tukawafunga, nikabebwa juu juu nikicheka, kumbe mume wangu ana siku ya tano kaburini. Kila nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Barua ilipofika, mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, alikuwa Kagongwa kwenye harusi ya mpwa wake, tukamtumia mtu. Tangu arudi anasema eda yangu imeanza siku ya barua, na anahesabu kwa kalenda ya dukani kwa Velji iliyotundikwa ukutani, miezi minne na siku kumi, anaishia tarehe ishirini na moja Agosti. Nikimwambia Hatibu alifariki tarehe mbili, anapandisha: "Siku ulizorukaruka na kisketi ndizo unataka uziite eda? Umecheza mpira juu ya kaburi la mwanangu! Zile siku tisa utazikaa upya, humuhumu ndani."

Ningevumilia, lakini wiki iliyopita Apolonia, nahodha wetu, alikuja na barua ya kocha wa taifa akaninong'oneza dirishani, "Mayu, mama yangu, wamekuita. Kambini Dar tarehe kumi na nne Agosti, usipofika anaingia mwingine." Na kocha ameandika wazi kwamba mwakani anachukua wasichana wadogo, kwa hiyo hii kwangu ndiyo ya mwisho. Bi Tabu nakiri kwako, niliposoma nilifurahi, nguo za eda ziko mwilini nami nilifurahi, na tangu hapo mchana watu wakilala najipima futi tatu kutoka ukutani, maana mlinzi lazima akae mbali kiasi hicho na mfungaji, naruka bila viatu wasinisikie. Juzi mama mkwe alinikuta. Hakupiga kelele, alisema tu, "Ukivuka mlango huu kabla ya siku zangu, Bashiri humwoni tena." Bashiri ni mwanangu, ana miaka minne. Nikae nipoteze timu, au niende nipoteze mtoto? Na mke anayefurahi ndani ya eda ni mke gani?

Ni mimi Mwasiti, Kahama.

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Jibu hili nimekutumia kwa posta kabla ya kulichapa, kwa sababu siku zenyewe zinakimbia. Humu gazetini majina yote nimeyabadili.

Tuanze na hesabu, maana hapo mnagombana bure. Eda huanza siku mume alipofariki, mke awe na habari au asiwe nayo. Nimemuuliza sheikh wa mtaani kwangu, kanijibu hivyo bila hata kukuna kichwa. Tena eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, na kalenda ya Velji haiujui mwezi mwandamo. Kuanzia tarehe mbili Aprili, siku zako zinatimia tarehe nane Agosti. Usiniamini mimi, mimi mwandishi wa gazeti tu. Mwite mwalimu wa msikiti wenu aje nyumbani, mpe barua ya Runzewe yenye tarehe, ahesabu mbele ya mama mkwe wako.

Sasa nikukemee. Miezi minne mnakaa nyumba moja, wewe unaruka ukutani, yeye anahesabu kalenda, na barua yako yote haina hata mahali mlipomlilia Hatibu pamoja! Tena kuna jambo umelipita mbio. Bi Mwamvua alikuwa harusini Kagongwa. Unadhani harusi ya mpwa wake alikwenda kupepeta mchele tu? Alipiga vigelegele, Mwasiti. Alicheza, mwanawe yuko kaburini, na hakujua, kama nawe ulivyokuwa hujui. Zile siku tisa zinamchoma na yeye. Kaa naye umsimulie kicheko chako kama ulivyonisimulia mimi, halafu nyamaza umsikilize. Na huko kuruka kwa siri acha mpaka siku zitimie, kwa heshima ya mama aliyefiwa chumba cha pili.

Umeniuliza wewe ni mke gani. Eda imekukataza mapambo, kutembea na kuposwa. Furaha ikikujia huna kosa.

Bashiri usimng'ang'anie wala usimtoroshe. Mtoto wa miaka minne ni wa mama yake, na mwalimu atalisema hilo ukimwomba. Likishasemwa, wewe mwenyewe mwombe bibi yake akulelee mpaka urudi, mbele ya mwalimu na mbele ya somo yako, kungwi aliyekufunda, na siku ya kurudi itajwe. Bi Mwamvua akikataa kukutoa eda, somo yako akuogeshe akutoe. Apolonia akukatie tiketi ya treni Isaka, ya tarehe kumi na moja, usingoje ya kumi na mbili.

Jua la tarehe nane likizama, haki ya mumeo umeitimiza. Asubuhi yake ukijikuta bado umejifungia chumbani, sema unaogopa. Usimsingizie marehemu.