Doa Jeupe Kwenye Picha ya Mlima

Uko? Usinipigie, niko kwenye gari na bosi. Soma tu.

Unamkumbuka yule bibi wa chini ya volkano, ambaye nilifukia kipimo cha matetemeko nyuma ya jiko lake? Leo tumempelekea picha ya chini ya mlima, ile iliyochorwa kwa mawimbi ya matetemeko.

Miezi minane hajatwanga uani kwake. MINANE! Kuku aliwahamishia kwa jirani. Ati, "Kinasikiliza, mjukuu wangu, nisikipigie kelele."

Na hakikusikia kitu. Sikuunganisha waya wa betri. Mimi, kwa mikono yangu hii! Leo nimekifukua, waya umejikunja vilevile nilivyouacha. Data hazikuwahi kufika ofisini, na mimi nikasingizia mtandao.

Sasa ngoja. Kwenye picha, penye moto ni pekundu, penye mawe baridi ni bluu. Kwake ni peupe, kwa sababu hatujui kitu. Akaweka kidole palepale.

"Hapa ni kwangu? Peupe? Kwa hiyo chini yangu hakuna moto?"

Bosi alishatangulia kwenye gari. Nikamjibu, "Ndiyo, bibi."

NDIYO, BIBI. Nimelitamka, mdomo haukukauka.

Jirani akaja kumrudishia kuku wake. Nafunga mlango wa gari, namsikia bibi anamwambia, "Mlima ukinguruma, leteni watoto wote kwangu. Wataalamu wamepima."

Bosi ananiuliza bibi alikuwa anasema nini. Nimwambie nini?