Jirani Niliyemtunga Mimi

Alhamisi, 4 Machi 1982

Leo nimeongopa tena. Wiki ya nane! Mchezo wa redio huanza saa kumi na moja jioni, sebule inajaa, nami nakaa ubavuni mwa mama mkwe wangu, Mama Katarina, namtafsiria kwa Kiiraqw. Kwenye mchezo Bi Zamda anamtesa mke wa mwanawe. Anampekua hadi kitandani. Siku ya kwanza nilishindwa kutamka "mama mkwe" huku wa kwangu kaniegemea — nikasema ni jirani. Basi jirani akabaki jirani.

Wifi yangu Germana na wenzake wa darasa la saba wanajua. Wanaangua kicheko, Mama anauliza kuna nini. Vijana tu, nasema. Leo kauliza huyo jirani mbona hafukuzwi, hana kwake? Nikamwambia nyumba za pwani zimebanana.

Jumapili, 7 Machi

Balaa! Baada ya misa Mama Hyasinta, shoga wa Mama tangu usichana, katamba kwamba kisomo cha watu wazima kimemfungulia Kiswahili. Alhamisi atakuja kwetu kusikiliza mchezo. Tena akasema, yule mama mkwe wa redioni ni shetani hasa! Mama akauliza, mama mkwe gani? Nikajifanya nafukuza kuku.

Chakula hakipiti. Nina mwaka mmoja tu katika nyumba hii. Nilipougua, Mama alinifunika blanketi lake mwenyewe. Sasa ataniona mwongo, na mwenye dharau juu yake. Nikamweleza Piusi. Mume wangu huyo kacheka weee, kasema nijitafutie dawa, kapanda lori kurudi kazini Ngorongoro. Wanaume!

Jumatatu, 8 Machi

Mama kaniita shambani, kwenye maharage. Kauliza: Bi Zamda ni jirani au mama mkwe? Nikasema mama mkwe, Mama. Nisamehe. Akapalilia mstari mzima.

Halafu akafoka — kumbe hasira si ile niliyoiogopa! Ati wiki nane namlisha mchuzi usio na chumvi. Jirani mbaya ana utamu gani? Lakini mama mkwe mbaya! Nimsimulie upya, tangu mwanzo. Tumepalilia hadi saa saba nikisimulia. Na anamtetea Bi Zamda! Anasema msichana yule analala mpaka jua linachoma. Nikambishia. Mimi, nimbishie mama mkwe — na radi haikunipiga! Nimekula viazi sahani mbili. Ahsante Mungu, jamani, nilikuwa nimekonda.

Alhamisi, 11 Machi

Naandika jikoni, mbiombio, daftari gotini. Sebuleni watu kumi na wanne. Leo nimetafsiri kila neno lilivyo. Mama Hyasinta ananisahihisha, Mama anamwambia nyamaza tusikie. Akina mama wote upande wa Bi Zamda, vijana upande wa mkwewe. Hata baba mkwe, Mzee Wilibrodi, ambaye kwake redio ni taarifa ya habari basi, kasogeza kiti, kasema binti ana hoja. Jicho alilopigwa na Mama!

Kisha redioni binti akafunga sanduku, anaondoka. Bi Zamda akamfuata mlangoni: mwanangu, nimekukosea nini? Sema leo. Binti akavuta pumzi — betri zikafa! Kelele hizo! Na Karatu nzima hakuna duka lenye betri. Germana kaziweka hapa kando ya moto zipate joto. Wapi!

Mama akanigeukia mbele ya wote. Sema wewe, kasema. Wewe ni mkwe, unajua anachotaka kujibu. Mimi nitakuwa Bi Zamda.

Nikasema chai inafurika. Haifuriki. Nacheka peke yangu kama mwehu, na machozi yananitoka. Wananiita. Mama sauti yake juu ya wote, anasema hakuna atakayeondoka mpaka nimjibu. Sijui yule wa redioni angesema nini. La kwangu nalijua. Ee, naja, Mama!