Kifua Chako na Changu

4 Machi

Shemeji Msasa,

Vipi hali huko kwenu ulikokwenda kujiuguza? Kifua kimetulia? Mdogo wangu anakutunza vizuri, au ameanza uvivu wake? Mwambie kaka yake anamsalimu. Mimi mzima wa mwili, ila roho imechafuka. Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana nikikaa hasira zinanipanda.

Bosi ametundika kibao karakana. Ni marufuku kuvuta sigara humu ndani. Amekipigilia ukutani juu ya meza yetu, palepale ambapo wewe umekaa ukipiga msasa na mimi nikipaka vanishi miaka yote hii. Eti ni sheria ya mji. Eti anayetaka kuvuta aende mpaka nje ya geti, akasimame na mbwa.

Sasa wewe unajua kazi yangu inavyokwenda. Mkono wa kwanza wa vanishi, navuta sigara moja huku unakauka, naupitia. Mkono wa pili, sigara mbili. Saa yangu ni hiyo, sijawahi kuwa na nyingine. Basi juzi nikatoka nje kama nilivyoamriwa, nikavuta, nikarudi, nikapaka mkono wa pili kwenye kabati la yule mama wa duka la dawa. Lo! Vanishi ikajikunjakunja kama utando wa maziwa. Kumbe kule nje upepo unaila sigara upesi, inakwisha kabla vanishi haijakauka! Nimelikwangua kabati zima na kuanza upya. Bosi aliniangalia tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Haya, nijibu. Kifua ni cha nani? Si changu? Nikitaka kukiharibu, nakiharibu mwenyewe, kwa jasho langu. Wapo wanaobugia sukari mpaka macho yanaingia kiza, mbona wao hawatundikiwi kibao?

Ijumaa ijayo tuna kikao na bosi. Nimeshawaambia wote kwamba uko upande wangu. Umekaa ubavuni mwangu na hujalalamika hata siku moja. Niandikie karatasi useme hivyohivyo, nikamsomee. Na upone upesi, bwana. Nafasi yako ipo, sijamruhusu mtu aikalie. Sitaki kufanya kazi na mtu mwingine.

Shemeji yako,
Vanishi


12 Machi

Shemeji,

Barua imefika, ahsante. Pale ulipomtaja mbwa tumecheka na mdogo wako mpaka akamwaga chai. Hapa tupo. Kikohozi kinakuja na kuondoka kinavyotaka. Shida yangu ni mikono, sijui niiweke wapi. Jana nimekipiga msasa kigoda cha mama mpaka akaninyang'anya, akasema nitakimaliza.

Pole kwa kabati. Usitegemee sigara. Gusa kwa mgongo wa kidole, chini ya rafu, mahali ambapo mteja haoni. Kidole kikinata, ngoja.

Kikao nakiombea kiende salama. Usipandishe sauti. Wewe ukipandisha sauti, watu wanasahau ulikuwa unasema nini.

Shemeji yako,
Msasa


17 Machi

Shemeji Msasa,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu kidogo. Ile yako nimeisoma, nikaigeuza nyuma, nikachungulia mpaka ndani ya bahasha. Karatasi niliyokuomba iko wapi? Mgongo wa kidole! Mimi nilikuuliza habari ya vidole?

Kikao kimeharibika. Nimesimama nikasema hakuna aliyewahi kulalamika, bosi akacheka. Akasema, "Fundi, sheria hii ipo siku nyingi, mimi ndiye niliyekuwa nimeikalia. Kuna mwenzenu alikuja kuniomba niitumie." Mwenzetu! Nikamwambia ataje jina. Akakataa, eti alimpa neno lake.

Tangu hapo situlii. Kila mtu akifungua mdomo namtazama kama atajisema. Namshuku yule mshona makochi, kwa sababu ndiye aliyeleta feni akijifanya anaona joto. Nimemwita mnafiki mbele ya wateja. Akaapa si yeye, huku anatetemeka, na kutetemeka kwake kukanifanya nizidi kuamini ni yeye. Hatusemezani. Karakana nzima imepoa, watu wanaombana misumari kwa ishara. Na mimi nashinda kule getini, navuta kuliko zamani, kwa hasira tu.

Wewe watu wanakueleza mambo yao. Ni nani? Niambie, shemeji. Sitamfanya kitu. Nataka tu anitazame usoni aniambie kwa nini hakuja kwangu.

Shemeji yako,
Vanishi


23 Machi

Shemeji,

Leo sikuulizi hali, maana umeshaniambia. Yangu si nzuri.

Mwache mshona makochi. Ni mimi.

Nilikwenda kwa bosi muda mfupi kabla ya kuja huku. Siku hiyo nilikohoa mpaka nikashika meza, na wewe ukanipigapiga mgongoni ukisema, "Vumbi hilo, shemeji, pole," sigara ikiwa mdomoni. Najua ulikuwa unanihurumia kweli. Nikafungua dirisha. Ukalifunga, kwa kuwa vumbi la nje lingeganda kwenye vanishi. Nimelifungua dirisha lile mara ngapi? Kila mara ulilifunga, na kila mara nilinyamaza.

Unauliza kwa nini sikuja kwako. Ningeanzia wapi? Wewe ni kaka wa mke wangu. Wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka kwa bosi nilipokuwa sina mbele wala nyuma. Ningesema, "Shemeji, zima," ungezima, ungecheka, na kesho yake ungewatangazia watu kwamba Msasa siku hizi amekuwa bibi harusi. Nikaona heri kibao kiseme, maana hakina undugu na mtu.

Unasema kifua ni chako. Sawa, ni chako. Na hiki kingine kilichokuwa ubavuni mwako, kilikuwa cha nani? Nimekasirika, shemeji. Nimekasirika miaka mingi, na muda wote huo nilikuwa nacheka na wewe.

Sikuambii uache. Hilo ni lako. Nataka kurudi kazini, nikae palepale nilipokuwa, nipumue. Kama hunitaki tena mezani kwako, sema nijue.

Shemeji yako,
Msasa


6 Mei

Shemeji,

Natumaini u mzima. Hujajibu.

Mdogo wako kila akitoka posta mikono mitupu anapita bila kunitazama. Jana aliniuliza tumekosana nini, nikamwambia hakuna kitu. Tafadhali, hata kama ni matusi, andika. Wiki hii narudi hospitali kupimwa tena, na nisingependa kwenda na hili moyoni.

Msasa


19 Mei

Shemeji Msasa,

Umepimwa? Wamesema nini? Ukijibu, anza na hilo.

Nilikuandikia nikachana, nikaandika tena nikachana. Barua ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo hata mbwa wa getini angeona haya. Baadaye hasira ikageuka kitu kingine nisichokijua jina, nikawa sikai wala silali. Hata nyumbani natoka nje, narudi, natoka tena. Mke wangu akaniuliza kama nimepoteza funguo.

Kibao nimeshakizoea. Kinachoniuma ni kwamba ulikuwa unaumia ubavuni mwangu, mimi nasimulia vichekesho vyangu, na wewe unacheka. Kumbe mimi ni mtu asiyeambiwa! Nilimuuliza mke wangu kama na yeye ananiogopa. Akainamisha kichwa, akaendelea kukunja nguo. Sikuuliza tena.

Nimemwomba radhi mshona makochi mbele ya wateja, kwa kuwa nilimtukana mbele yao. Amenisamehe, ila feni yake kaiondoa. Kazi ya vanishi nimeihamishia kile kibanda cha nyuma, nitakaa huko peke yangu. Chumba chetu sasa kina hewa. Sigara sijaacha, sitakudanganya, na usimtume mtu aje kunihubiria. Lakini rudi, bwana. Na kuanzia leo, nikikukera, niambie mimi mwenyewe. Nitafoka, ndivyo nilivyo, unanijua. Wewe niambie tu.

Shemeji yako,
Vanishi


28 Mei

Shemeji Vanishi,

Salamu zako zimefika. Mdogo wako ameisoma barua kwa sauti, akalia, akacheka, kisha akatoka nje akakaa peke yake. Amesema nikuambie anakupenda hata ukifoka.

Umetaka nikuambie mambo. Basi naanza leo.

Sirudi. Daktari amekataza chumba chochote chenye vumbi la mbao, kiwe na hewa au kisiwe nayo. Mapafu yamechakaa, na hayatakuwa tena kama yalivyokuwa. Nafasi yangu mpe mtu mwingine. Msasa wangu wa mwisho, ule laini, uko kwenye droo ya chini, mpe na huo.

Najua utauliza moshi wako umechangia kiasi gani. Na mimi nilimuuliza. Amesema ni vumbi na ni moshi, na hawezi kuvitenganisha. Nilitaka kukuandikia kwamba ni vumbi tu. Nilishaanza na sentensi yenyewe, utaona hapo juu pamefutwa. Nimeikata, kwa sababu ndivyo mimi na wewe tulivyofika hapa.

Sikuchukii. Asubuhi nikiamka nakusikiliza kama unanipitia twende kazini, kisha nakumbuka uko mbali. Njoo ututembelee, ukae siku nyingi, usije ukaondoka kesho yake. Ila ndani ya nyumba hii hatuvuti sigara, shemeji. Ukisahau ukaingia nayo, nitakuambia mimi mwenyewe uizime.

Shemeji yako,
Msasa